Mama Kevina na Mabinti wa Nkokonjeru

Tarehe 1 Mei 1923, huko Nkokonjeru, mashariki ya Kampala, wasichana wanane wa Uganda waliingia katika maisha ambayo jamaa zao wengi hawakuweza kuyaelewa: kukaa bila mume, bila mtoto, bila shamba la kwao wenyewe, wakisali, wakifundisha na kuuguza wagonjwa. Aliyewakusanya alikuwa mtawa wa Ayalandi ambaye watu wa huko walimwita Mama Kevina. Kwa hao wanane lilizaliwa Shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo leo linafanya utume Uganda, Kenya na Tanzania, na ambalo lilitimiza miaka mia mwaka 2023.

Ili kuielewa Nkokonjeru, ni lazima kurudi nyuma hadi Nsambya. Mwaka 1892 Buganda ilikuwa imepasuka kwa vita vya dini. Wakatoliki waliitwa Wafransa, kwa sababu mapadre wao walikuwa Mapadre Weupe kutoka Ufaransa. Waprotestanti waliitwa Waingereza. Dini ilikuwa imegeuka kuwa bendera. Roma ikaona njia ya kuivunja dhana hiyo ni kuleta wamisionari Wakatoliki wanaotoka Uingereza, na mwaka 1894 ikaunda Vikarieti ya Upper Nile na kuikabidhi kwa Mapadre wa Mill Hill wa London. Askofu Henry Hanlon aliwasili na wenzake mwaka 1895, na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akawapa kilima cha Nsambya. Haikuchukua muda Hanlon akatambua kwamba mapadre peke yao hawatoshi. Wanawake wa Buganda hawakuweza kumweleza padre maradhi yao, wala hawakupaswa. Akawaomba masista Wafransisko wa Mill Hill.

Walikuja sita. Waliondoka London Desemba 1902 na kufika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Miongoni mwao alikuwamo Sista Mary Kevin, mwenye umri wa miaka 27. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney, wa Arklow katika jimbo la Wicklow. Baba yake, mkulima, alifariki miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama yake akafariki yeye akiwa na miaka kumi, akalelewa na bibi yake. Mtu aliyekuwa yatima tangu utotoni alifika katika nchi iliyokuwa imejaa yatima. Miaka ile malale yalikuwa yakiwamaliza watu kando ya Ziwa Victoria na visiwani, kiasi kwamba serikali ilikuja kuvihamisha vijiji vizima, na ndui nayo haikuwa mbali.

Zahanati ya kwanza ya masista ilikuwa kivuli cha mwembe. Hapo palianza kile ambacho leo ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Nsambya, mojawapo ya hospitali kubwa za Kampala. Mwaka 1906 walifungua kituo cha Nagalama, na mwaka 1913 wakavuka mto Nile hadi Kamuli, nchi ya Busoga. Kila walipofika walianza na mambo mawili, dawa na darasa.

Vita Kuu ya Kwanza ilimpima Mama Kevina kwa namna nyingine. Maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walichukuliwa kubebea majeshi mizigo hadi Tanganyika, wale wale ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, kuhara na uchovu. Waliorudishwa Uganda wakiwa taabani waliletwa Nsambya, na Mama Kevina alikasirishwa mno na jinsi walivyotendewa na wakubwa wao wa Kizungu. Uingereza ilimtunuku nishani ya MBE mwaka 1918 kwa kazi hiyo. Kwa maoni yangu, hasira yake ile ina uzito kuliko nishani, kwa sababu ilionyesha alisimama upande gani.

Lakini kazi ambayo ningependa msomaji aikumbuke kuliko zote ni ile ya ukunga. Kanisa la siku zile halikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya uzazi. Sista aliweza kufunga kidonda na kumlaza mgonjwa, lakini mama anapolia kwa uchungu wa kujifungua, alitakiwa kukaa pembeni. Katika nchi ambayo kina mama na watoto wachanga walikuwa wakifa ovyo, sheria hiyo iliuma. Mama Kevina hakuivunja, na hakukaa akiisubiri ibadilike. Alimpata daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, na mwaka 1921 wakafungua Nsambya shule ya uuguzi na ukunga kwa ajili ya mabinti wa Kiafrika. Upande wa pili wa mji, katika kilima cha Namirembe, Waanglikana wa hospitali ya Mengo nao walikuwa wakifundisha wakunga miaka hiyo hiyo. Mashindano ya madhehebu yaliyokuwa yamemwaga damu mwaka 1892 safari hii yalimfaa mama mjamzito. Roma yenyewe ilifungua mlango tarehe 11 Februari 1936, kwa waraka uitwao Constans ac Sedula, ulioruhusu watawa kufanya kazi ya tiba na uzazi. Kufikia wakati huo wakunga wa Nsambya walikuwa na miaka kumi na mitano ya kazi.

Hapo ndipo Nkokonjeru inapoeleweka. Mwanamke aliyefungua shule ya wakunga mwaka 1921 na shirika la watawa wazalendo mwaka 1923 alikuwa na wazo moja: wageni hawatadumu, na hawapaswi kuwa ndio nguzo. Hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Kule Masaka, Masista Weupe walikuwa wamekwisha kuwalea Bannabikira, shirika la watawa wa Kiafrika lililoanzishwa mwaka 1910. Mama Kevina alilileta wazo hilo upande wa mashariki na kulipa sura ya Fransisko wa Asizi: ufukara na ukaribu na watu wa chini.

Wapo wanaouliza kwa nini wasichana wale hawakupokelewa moja kwa moja katika shirika la masista wa Kizungu. Ni swali la haki. Ukoloni ulikuwa na mipaka yake ya rangi, na Kanisa halikuishi nje ya ukoloni huo. Hata hivyo matokeo yanastahili kutazamwa. Shirika lililojitegemea lilijifunza kujiongoza mapema, likachagua viongozi wake, likaweka nyumba za malezi katika nchi yake, na halikutegemea miito ya Ulaya. Miito ya Ulaya ilipokauka miongo ya baadaye, Masista Wadogo hawakukauka pamoja nayo.

Ya miaka iliyofuata ni mengi, nami nayapita kwa haraka. Huko Nyenga mwaka 1932, na Buluba kando ya ziwa mwaka 1934, Mama Kevina alifungua vituo vya watu wenye ukoma, waliokuwa wakifukuzwa majumbani. Buluba ndiko alikokuja kufanya kazi kwa miongo kadhaa daktari wa Poland Wanda Błeńska, ambaye sifa yake imevuka mipaka ya Uganda. Mwaka 1942 shule ya wasichana ya Mount St Mary's ilianza Namagunga. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Specioza Wandira Kazibwe, daktari aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa Uganda mwaka 1994, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini humo. Mwaka 1952 masista wa Mill Hill waliokuwa Afrika walitengana na nyumba mama yao ya London na kuwa shirika jipya, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, Mama Kevina akiwa Mama Mkuu wa kwanza. Shirika hilo nalo limefika Kenya, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini.

Alipong'atuka katika uongozi hakupumzika. Akiwa na miaka zaidi ya 80, alikuwa Brighton, Boston, akitafuta fedha kwa ajili ya kazi za Afrika, na huko ndiko alikofariki tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulipelekwa Ayalandi kuzikwa. Waganda hawakukubali. Waliomba arudishwe kwao, na ombi lao lilisikilizwa. Desemba 1957, miaka 55 tangu aondoke London na wenzake, alizikwa Nkokonjeru katikati ya mabinti zake. Tunajua jinsi watu wetu wanavyolichukulia suala la mahali pa kaburi: mtu huzikwa kwao. Waganda walisema kwao ni hapa. Sijui ushuhuda mwingine wa utume ulio mkubwa kuliko huo, na haukutolewa na askofu wala na serikali.

Miaka mitano baadaye Uganda ilipata uhuru, kisha zikaja zama za utawala wa Idi Amin na vita vilivyofuata. Wageni wengi waliondoka au walifukuzwa. Masista wazalendo hawakuwa na pa kuondokea. Walibaki na shule zao na zahanati zao, wakifunga vidonda vya watu wa pande zote. UKIMWI ulipoingia kwa nguvu, Hospitali ya Nsambya ilianzisha mwaka 1987 huduma ya kuwafuata wagonjwa majumbani, wakati ambapo dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijapatikana na kilichowezekana ni kumwosha mgonjwa, kumlisha na kuketi naye. Masista waliokwenda nyumba kwa nyumba walikuwa wakiwahudumia majirani zao, wakizungumza nao kwa lugha yao.

Leo sista kutoka Uganda hufundisha Kenya, na Mkenya huuguza Tanzania. Umisionari wao sasa ni wa Mwafrika kwa Mwafrika, nao una ugumu wake: chakula kigeni, lahaja ngeni, na kuulizwa kila siku umetoka wapi. Karama waliyoirithi iliwaandaa kwa hilo.

Mwaka 2016 mchakato wa kumtangaza Mama Kevina mwenye heri ulifunguliwa, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato wa namna hiyo hutegemea ushahidi wa watu. Wapo bado wazee Busoga na Buganda waliozaliwa mikononi mwa wakunga wa Nsambya, waliosoma chini ya Masista Wadogo, au waliowasikia wazazi wao wakisimulia habari za Buluba. Kama una mmoja nyumbani kwenu, keti naye umsikilize na uandike anayoyasema; na kama kuna cheti cha zamani, barua au picha katika sanduku la bibi, ipeleke parokiani kwenu au kwa masista wa Nkokonjeru kabla mchwa hawajaila.