Usiketi Kwanza! Vitu 7 za Kucheki Kabla Umange Kwa Hoteli ama Baa, Venye Korona Ilitufunza

Unakumbuka 2020 venye hakuna msee angeingia hoteli bila kupigwa themogani kwa paji la uso? Mitungi ya maji ilikuwa kila kona, na sabuni imefungwa kamba isiende na mtu. Siku hizi zunguka tao uone. Mtungi uko, lakini fungua mfereji utoe hewa tu. Sabuni ilienda na kamba yake.

Korona ilipoa, lakini uchafu haukuhama. Kwa hivyo hii stori ni ya kuweka. Siku ugonjwa mwingine utabisha hodi, ama hata wikendi hii ukiwa na mbogi yako, utajua jointi gani iko safi na gani inaigiza.

Kwanza tukumbushane

Kenya ilitangaza kesi ya kwanza ya Korona tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye baa zikafungwa, na hoteli zikaambiwa ziuze tu dishi ya kubeba. Tarehe 27 Machi kafyu ikaingia, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Maweita, wapishi, madije na mabaunsa wengi wakajipata kwa keja bila kazi, na landilodi hakujua kafyu ni nini.

Mwisho wa Aprili serikali ikakubali hoteli zifunguliwe, lakini na masharti. Wafanyakazi wapimwe, watu wanne tu kwa kila mita 10 mraba, meza zikae mbali, na hakuna kujipakulia. Kafyu yenyewe ilikuja kuondolewa Mashujaa Dei, tarehe 20 Oktoba 2021. Sheria ya barakoa ikafuata Machi 2022.

Sasa kuna vitu zilisaidia kweli na kuna zile zilikuwa sinema. Hizi ndio saba za kucheki.

1. Hewa inatembea?

Hii ndio kubwa na ndio watu husahau. Korona husafiri sana kwa hewa tunapumua. Januari 2020, mgonjwa mmoja alikula na familia yake kwa mkahawa fulani mjini Guangzhou, China. Mkahawa haukuwa na madirisha, easii ilikuwa inazungusha hewa ile ile. Familia tatu za meza zilizofuatana zilipata ugonjwa, watu 10 kwa jumla, na wengine hawakuwa wamekaribiana na yule wa kwanza hata kidogo. Upepo ndio ulibeba.

Kwa hivyo ukiingia klabu iko chini ya ardhi, hakuna dirisha, moshi ya shisha imesimama kama ukungu wa Limuru, jua mnakunywa hewa moja. Kibanda cha mathee chenye kimefunguka pande tatu kinaweza kuwa salama kuliko hiyo VIP ya doo mingi.

2. Maji na sabuni, si mapambo

Mahali pa kunawa pawe na vitu vitatu: maji yanatiririka, sabuni, na kitu cha kujipangusa chenye hakijapangusa watu wengine. Taulo moja ya kila mtu ni kusambaza tu. Kunawa vizuri huchukua kama sekunde 40 hadi 60, ukifika kwa kucha na katikati ya vidole.

Sanitaiza iko sawa ikiwa na alkoholi asilimia 60 kwenda juu, na mikono isiwe na uchafu wa kuonekana. Ukishamaliza kuchambua choma na mikono imejaa mafuta, sanitaiza inateleza tu juu. Hapo ni sabuni na maji.

3. Kitambaa cha kupanguza meza

Cheki weita. Kama kile kitambaa kinatoka meza ya supu kinakuja kwako, kisha kinaenda kwa kaunta, hiyo meza haijasafishwa. Imepakwa.

Njia poa ni hii: kwanza sabuni na maji kutoa mafuta, kisha dawa. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Kama unafanya kazi kwa hoteli, andika hii mahali: jiki ya asilimia 5, kikombe kimoja kwa vikombe 49 vya maji baridi. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 34. Hapo unapata nguvu ya asilimia 0.1, yenye inatosha meza, vitasa na kaunta. Iache ikae angalau dakika moja kabla upanguze. Changanya mpya kila siku, kwa sababu nguvu yake hupotea.

Na tafadhali, usiwahi changanya jiki na siki ama ile asidi ya kuosha choo. Inatoa gesi yenye inaweza kukuangusha hapo hapo kwa choo.

4. Choo

Hii haidanganyi. Choo bila maji na sabuni inamaanisha mpishi pia alitoka huko bila kunawa. Hauhitaji kuona jikoni, umeshaiona.

5. Themogani haikuwa kinga

Hapa wengi tulibebwa. Mtu angeweza kuwa na Korona bila joto kupanda hata kidogo, na akapita kwa mlango akichekelea. Soja naye alikuwa anapima mkono wenye umetoka kwa baridi, anasoma digrii 34, anakwambia ingia. Hata kumwagia watu dawa mwilini mlangoni haikusaidia, inachoma macho na ngozi bure. Jointi ikikuonyesha mbwembwe mlangoni na ndani hakuna dirisha, rada ni chafu.

6. Cheti cha wafanyakazi

Kwa sheria zetu, mtu anashika chakula cha kuuza anafaa kupimwa na kuwa na cheti cha afya, na hurudiwa kila miezi sita. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti wanaweza kuingia na kuuliza. Wewe pia ni mteja, unaweza kuuliza kwa heshima. Na ukiona mahali panatisha, peleka ripoti kwa ofisi ya afya ya kaunti. Si kisirani, kuna mtoto ataketi hapo baada yako.

7. Weita ako aje?

Hii ndio watu hawaongeleangi. Weita analipwa kwa siku, akikosa kazi hakuna kitu. Akiamka na homa ama tumbo inaendesha, ataenda nyumbani kweli? Atameza dawa mbili na abebe sahani yako. Unaweza kuweka mitungi mia, lakini kama mgonjwa anaogopa kusema ni mgonjwa, ugonjwa utakufikia na tabasamu juu. Kwa hivyo kama wewe ni mwenye hoteli, siku mbili za kulipa mtu apumzike ni bei rahisi kuliko kufungiwa.

Na si Korona pekee. Oktoba 2022, hata kabla tusahau barakoa vizuri, kipindupindu kilirudi, na mkurupuko huo ulihusishwa na harusi ya Limuru. Kipindupindu hakijali themogani. Kinataka tu maji machafu, mikono haijanawa na chakula kimelala. Ile mitungi tuliacha ikauke ndio ingekikatia njia.

Sasa ufanye nini?

Wikendi hii ukifika base yako, kabla uagize, fanya vitu viwili: fungua ule mfereji, na uchungulie choo. Ni dakika mbili tu. Kama zote ziko sawa, keti, agiza, na umwachie weita kitu kidogo. Kama mfereji umekauka, mwambie manija bila kelele. Akikuzubalia, kuna jointi nyingine ng'ambo ya barabara, na ganji ni yako.