Mfupa wa ziada wayoni: Jinsi eksirei inavyofichua chanzo cha maumivu

Mtoto anayecheza kandanda katika ufuo wa Dunga, Kisumu, akirejea nyumbani akichechemea, wazazi hudhani ameteguka. Lakini iwapo panapouma ni upande wa ndani wa wayo, mbele kidogo ya kifundo, na pana kinundu kigumu kinachosuguliwa na kiatu, huenda chanzo ni mfupa wa ziada aliozaliwa nao.

Mfupa huo hukaa kando ya navikula, mfupa wa katikati ya wayo ambao jina lake la Kilatini humaanisha mashua ndogo. Takriban mtu 1 kati ya 10 anao, na wengi hauwaumizi kamwe. Maumivu, yakitokea, mara nyingi huanza wakati wa kubalehe.

Kipimo cha kwanza ni eksirei, inayopatikana katika hospitali kuu za umma za Kisumu, Siaya na Homa Bay. Picha za mbele na za ubavuni zaweza kuukosa mfupa huo. Kwa hiyo huongezwa picha ya mshazari, mguu ukiinamishwa kwa nyuzi 45.

Wataalamu huugawa katika aina tatu. Ya kwanza ni kipande kidogo kilichomo ndani ya kano. Ya pili, ambayo ndiyo huuma zaidi, huunganishwa na navikula kwa gegedu. Ya tatu imekwisha kushikamana nayo na kuifanya ichomoze.

Kosa la kuepukwa ni kudhani kuwa mfupa umevunjika. Kipande kilichovunjika karibuni huwa na kingo kali, ilhali mfupa wa ziada huwa na kingo laini za mviringo.

Hata hivyo, eksirei huthibitisha tu kwamba mfupa upo, si kwamba ndio unaouma. Shaka ikizidi, altrasaundi huonyesha hali ya kano, na MRI huonyesha uvimbe ndani ya mfupa wenyewe.

Tiba huanza kwa mapumziko, viatu visivyobana, soli za kuinua wayo na dawa za maumivu. Wengine hufungwa plasta kwa wiki kadhaa. Upasuaji, ambao daktari Mmarekani Kidner aliueleza mwaka 1929, hufanywa hayo yote yakishindwa.

Kabla ya kupigwa picha, mgonjwa na aonyeshe kwa kidole mahali hasa panapouma. Ishara hiyo humsaidia daktari kuamua iwapo mfupa unaoonekana ndio wenye lawama.