Miji ya Nyanza Kusini iliyogeuziwa mgongo na barabara

Matatu inayotoka Katito huingia Kendu Bay kwa mlango wa nyuma. Abiria hushushwa barabarani, penye vibanda vya M-Pesa na vijana wa bodaboda, na mgeni asiyeulizia anaweza kuondoka akidhani hapo ndipo mji ulipo. Mji wenyewe uko chini, kando ya maji. Huko ndiko liliko gati, na ndiko yaliko maduka ya kale ya Wahindi, yenye baraza pana na milango ya mbao iliyopauka. Siku hizi omena huanikwa kwenye nyavu karibu na ufuo, na akina mama huigeuzageuza kwa mikono ili ikauke kabla mvua ya alasiri haijaja. Majengo ya zamani yameelekea ziwani kwa sababu wageni na mali vilitokea huko.

Reli ya Uganda ilifika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Kisha zikaja meli. Winifred, Sybil na Clement Hill zilitengenezwa Paisley, Uskochi, zikasafirishwa vipande vipande hadi Mombasa, zikapanda treni na kuungwa upya Kisumu. Kabla ya mwaka 1910 zote tatu zilikuwa kazini. Ng'ambo ya ghuba ya Winam hapakuwa na barabara ya maana, kwa hiyo meli ndiyo iliyoamua kijiji kipi kiwe mji. Ilipotia nanga palizaliwa duka, ghala na ofisi. Kendu Bay na Homa Bay zilipata hata viwanda vya kuchambua pamba, na marobota yakawa yanapakiwa hapohapo kuelekea Kisumu.

Dini nazo zilishuka gatini. Novemba 1906 Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alifika Kisumu pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, Malawi ya sasa. Walivuka ghuba wakapiga kambi kwenye kilima cha Gendia, jirani na Kendu. Nyambo hatajwi sana, na hilo ni kosa: alikuwa amesoma Uingereza, na hakuja kumbebea Mzungu mizigo. Mwaka 1913 Gendia ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na mtambo huo ndio chanzo cha Africa Herald Publishing House, shirika lililosambaza vitabu vya dini na nyimbo katika lugha za Kenya.

Chini ya kilima hichohicho Uislamu ulikuwa umeshika mizizi kupitia wafanyabiashara, na msikiti wa Tawakal ungalipo. Hussein Onyango Obama, babu yake rais wa 44 wa Marekani, alikuwa mtu wa Kanyadhiang, papa hapa, kabla ya kuhamia Kogelo. Wageni humiminika Kogelo. Wanaopita Kanyadhiang ni wachache, ingawa kutoka barabarani si mbali.

Mwendo mfupi kutoka mjini kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta, maji yake ya kijani na ya magadi, lisilo na samaki wa kuvua wala mto unaoingia. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji kilichokuwa kwenye ngoma na pombe, kikamfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi. Usiku huo maji yakakimeza. Heroe hutua hapo kwa maelfu misimu fulani, bila kujali kisa hicho.

Ukishika njia kusini-magharibi, bado maji ndiyo yanayoeleza kila kitu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, kisiwani Rusinga mwaka 1948, familia yake ilifika huko kwa mashua, na baadaye mumewe Louis akanunua chombo chao wenyewe, Miocene Lady, kwa safari kama hizo. Mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, amezikwa Rusinga. Leo gari linaingia kisiwani kutoka Mbita kwa daraja.

Ila mji uliopanda na kushuka kuliko yote ni Karungu, kaunti ya Migori. Mwanzoni mwa karne iliyopita Waingereza waliufanya makao ya utawala wa Kavirondo Kusini nzima, kisha wakahamia Kisii kwenye baridi na malaria haba. Septemba 1914 Wajerumani kutoka upande wa Mwanza waliushika. Winifred ilipokaribia na wanajeshi, ilifukuzwa na meli ya Kijerumani, Muansa, ikalazimika kurudi pamoja na meli nyingine ndipo Wajerumani wakaondoka. Ni vigumu kuamini hayo ukiwa umesimama Karungu leo kati ya mashua za wavuvi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa kati ya nchi, na safari za bandari ndogo zikafifia. Magugumaji ya miaka ya 1990 yalimalizia kazi. Wakati huohuo barabara kuu ya kwenda Isebania ilikuwa inaulea mji wa Migori, ambao haujawahi kuiona meli. Miwa ya Awendo, dhahabu ya Macalder na biashara ya mpakani vilipita barabarani, si gatini. Mwaka 1992 Migori ikawa wilaya, na sasa ni kaunti inayoihesabu Karungu kama sehemu yake tu.

Kabla ya meli na barabara, kulikuwa na ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga. Iko yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, na tangu 2018 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuta zake, zinazodhaniwa kuwa za karne ya 16, hufika mita 4.5 kwenda juu na mita 3 kwa unene. Hakuna udongo wala saruji: mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, madogo yakajazwa katikati. Mlango ni mfupi, mgeni huinama kuingia, na enzi hizo mwenye rungu alikuwa anamsubiri upande wa pili.

Anayetaka kurudi Kisumu kwa njia ya zamani apande feri ya Mbita kwenda Luanda K'Otieno. Hubeba malori, mbuzi na abiria pamoja, na haikungoji ukichelewa.