Mashimo ya Tongoni

Jumapili nilidandia daladala la Pangani, nikashuka Tongoni, kama kilometa 20 kusini mwa Tanga mjini. Shuleni tuliambiwa kwa mstari mmoja tu: magofu ya Washirazi. Basi. Mstari huo nimekaa nao tangu darasa la sita, safari hii nikaamua kwenda kuyauliza mawe yenyewe.

Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi ya karne ya 14 na 15. Baadhi yalikuwa na nguzo ndefu za mawe, nyingi sasa zimelala chini. Kilichonishika mimi ni mashimo. Kwenye uso wa kaburi unakuta duara limechongwa, kina chake kama cha bakuli. Na ni bakuli kweli! Vyombo vya China vilipachikwa humo kwa chokaa. Watu wamevibandua kimoja kimoja. Zipo sanamu za marumaru za Wagiriki wa kale zilizopatwa na hayo hayo: macho yalipachikwa kwa vioo na mawe ya rangi, yakachomoka, leo tunatazamwa na matundu tukidhani ndivyo zilivyotoka kwa fundi.

Lakini bakuli linakueleza biashara tu. Jiwe ndilo linalokueleza fundi. Mapambo yale yamechongwa kwenye tumbawe laini, ambalo hukatwa baharini na kuchongwa likiwa bado bichi. Likishapigwa na hewa linakuwa gumu. Sasa wewe unayesoma, niambie, nani angelibeba tumbawe bichi kutoka Shirazi? Mkono ule ulifanya kazi hapa hapa, karibu na maji, tena kwa haraka. Sisemi wageni hawakufika. Walifika, wakaoa, wakazikwa. Hata Vasco da Gama alipita 1498, na Januari 1499 akaichoma moto meli yake, São Rafael, kwenye pwani hii kwa kupungukiwa na mabaharia. Huyo tulimsoma kwa kirefu! Aliyechonga kaburi hakuwahi kuulizwa kwenye mtihani.

Kabla ya kuondoka nilipitisha kidole ndani ya shimo moja. Chokaa bado ina alama ya mviringo ya kitako cha bakuli. Kaburi la jirani lilikuwa na chetezo, majivu yake yana joto bado.