Manowari Iliyopita Dodoma

Sisi watu wa bara hatuna bahari. Kutoka Dodoma hadi maji ya chumvi ni kilometa zipatazo 450, na maji tuliyoyazoea ni ya visima na ya mabwawa ambayo ifikapo Oktoba hubakiza tope na nyayo za ng'ombe. Ndiyo maana wanachuo wangu walicheka kila nilipowaambia kwamba manowari kubwa kuliko zote za Ziwa Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa hapa mjini, mbele ya stesheni yetu, ikiwa ndani ya masanduku. Walidhani ni fumbo la mwalimu mzee.

Halikuwa fumbo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wakati mafundi wa reli wakiikaribia Kigoma, kiwanda cha Meyer cha mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, kilikuwa kimeunda meli ya urefu wa meta 71 hivi, kisha kikaifungua yote kipande kwa kipande. Iliwekwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa baharini hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye mabehewa. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter na wenzake wawili, walifuatana nayo ili waiunge tena ufukoni Kigoma. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa zamani wa koloni. Iliteremshwa majini Februari 1915, wakati vita vimekwisha kupamba moto, na badala ya kuwa meli ya abiria na mizigo ikafungwa mizinga.

Sasa niseme kwa nini habari hii imenikaa moyoni kwa miaka mingi. Katika somo la historia, wanachuo walipenda sana meli zilizopotea, hasa za Wamarekani. Kila mwaka alikuwapo mmoja aliyesoma mahali fulani habari za Pembetatu ya Bermuda, naye akitaka tuache mada ya ukoloni tuzungumze mizimu ya baharini. Sikuwanyima. Niliwaeleza habari za Cyclops, meli ya kubeba makaa ya mawe ya jeshi la majini la Marekani, yenye urefu wa meta 165. Mwezi Februari 1918 ilitoka Brazil na shehena nzito ya madini ya manganizi, injini yake moja ikiwa mbovu. Ikapita kisiwa cha Barbados, ikang'oa nanga Machi 4 kuelekea Baltimore, na tangu siku hiyo haikuonekana tena. Walikuwamo watu 306. Hakuna ubao ulioelea, hakuna maiti iliyosukumwa pwani, hakuna wito wa kuomba msaada. Jeshi hilo halijawahi kupoteza watu wengi kiasi hicho katika meli moja nje ya mapigano.

Pale darasa lilinyamaza kimya. Lakini mwalimu hapaswi kuishia mahali ambapo darasa limenyamaza. Cyclops ilikuwa na ndugu zake watatu wa muundo mmoja. Wawili kati yao, Proteus na Nereus, nao walitoweka katika Atlantiki hiyo hiyo mwishoni mwa mwaka 1941, wakiwa wamebeba madini mazito. Meli tatu za muundo mmoja, na zote zina mizigo mizito ambayo hazikuundwa kwa ajili yake. Mimi sioni haja ya kumwita shetani hapo. Chuma kilichochakaa, shehena nzito na dhoruba vinatosha. Ndugu wa nne, Jupiter, aligeuzwa kuwa Langley, meli ya kwanza ya Marekani ya kubeba ndege. Yeye alipigwa mabomu na Wajapani Februari 1942 kusini ya Java, na Wamarekani wenyewe wakammalizia ili asitekwe. Huyo hana kitendawili, na kwa hiyo hana wasomaji wengi.

Meli za kivita za Marekani si ngeni kwetu. Peacock ilifika Unguja mwaka 1835 kwa ajili ya mkataba wa biashara na Sultani Said, kisha ikakwama miambani karibu na kisiwa cha Masira, Omani, hata ikabidi mizinga itupwe baharini ili ielee. Ilinusurika hapo, ikaja kufia mdomoni mwa Mto Columbia, Marekani, mwaka 1841, mabaharia wake wote wakiokoka. Constitution, iliyoteremshwa majini mwaka 1797, nayo ilitia nanga Unguja katika safari yake ya kuzunguka dunia ya 1844 hadi 1846, na mpaka leo inaelea bandarini Boston, maana Wamarekani wamekuwa wakiibadilisha mbao kizazi baada ya kizazi.

Turudi ziwani. Huko nako kulikuwa na kupotea, na kulieleweka upande mmoja tu. Waingereza walileta motaboti mbili ndogo za urefu wa meta 12 hivi, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Cape Town, kisha kwa reli, kisha zikavutwa juu ya milima ya Kongo kwa matrekta ya mvuke na maksai, zikafika ziwani mwishoni mwa 1915. Wajerumani wa Kigoma hawakujua. Desemba 26 walituma boti yao Kingani kwenda kupeleleza upande wa Kongo. Haikurudi. Waingereza walikuwa wameiteka, wakaipa jina Fifi. Februari 1916 wakatuma Hedwig von Wissmann kwenda kutafuta habari. Nayo haikurudi, kwa kuwa ilizamishwa tarehe 9. Kesho yake Götzen yenyewe ilionekana ikipita taratibu, ikimtafuta mwenzake, na Spicer-Simson hakuthubutu kuifuata. Kwa watu wa Kongo hapakuwa na siri yoyote. Wengi walikuwa wamesimama juu ya miinuko wakitazama. Kwa mke wa baharia aliyengoja Kigoma, ziwa lilikuwa limemeza boti mbili bila neno. Niliwaambia wanachuo: kabla hamjasema meli imetoweka, ulizeni imetoweka machoni pa nani.

Götzen ilikuwa na mzinga mmoja ambao nao ulipita Dodoma kwa gari moshi. Ulitoka katika Königsberg, manowari iliyoivamia Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja alfajiri ya Septemba 20, 1914 na kuua wanamaji zaidi ya 30, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliiwinda kwa miezi mingi, wakaipata kwa msaada wa ndege, wakaiangamiza Julai 11, 1915. Kapteni wake, Max Looff, aliopoa mizinga yote kumi, ikafungwa magurudumu na kuvutwa nchi nzima. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Meli yenyewe ilikatwa vyuma chakavu miaka ya 1960 na kilichobaki kikamezwa na tope la mto.

Kisha ukaja mwezi Julai wa mwaka 1916. Wabelgiji walikuwa wakiikaribia Kigoma kutoka kaskazini. Mafundi wale wale walioiunga Götzen waliamriwa kuizamisha. Wakafanya jambo ambalo ni mtu anayependa kazi ya mikono yake tu awezaye kulifanya: waliipaka mitambo yote grisi nzito, wakaijaza mchanga, wakaishusha taratibu kwenye maji yasiyo na kina kirefu kusini kidogo ya Kigoma. Ilikuwa Julai 26. Siku tatu baadaye, Julai 29, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliteremka kutoka Kondoa Irangi yakaiteka Dodoma na kuikata reli. Barabara iliyoileta ile manowari ilikatwa hapa kwetu, wiki ile ile ilipozama.

Hapo ndipo habari ya meli inapokuwa habari ya Ugogo. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka kulisha jeshi. Waingereza walipoingia wakachukua nao, na wakachukua wanaume kuwa wapagazi. Mashamba yakakosa majembe, mvua zikakosa kunyesha, na ghala zilikuwa zimekwisha kufagiliwa. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Makadirio ya maofisa wa wakati huo ni kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Wazee niliowakuta nikiwa kijana walikuwa wakihesabu umri wao kwa Mtunya: huyu alizaliwa kabla, huyu alinyonya wakati ule, huyu aliachwa mlangoni mwa misheni.

Kaka yake babu yangu alichukuliwa kuwa mpagazi. Babu alisimulia kwamba aliondoka asubuhi na kibuyu cha maji na kipande cha ngozi cha kulalia, kuelekea kusini, na hakuna aliyepata kumwona tena. Familia haina kaburi lake wala karatasi ya kueleza alifia wapi. Cyclops ina orodha ya majina yote 306. Huyu hana hata tarehe. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni "306" upande mmoja na "30,000" upande wa pili, kisha nakaa kitini bila kusema. Mwanachuo mmoja wa Bahi aliwahi kuniuliza kwa nini hakuna kitabu cha mafumbo kuhusu namba ile ya pili. Swali lile lilikuwa zuri kuliko majibu yote niliyosahihisha mwaka ule.

Ama kuhusu Götzen, Wabelgiji waliiopoa mwaka 1918, wakaivuta hadi Kigoma, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Walipofungua injini na maboila, wakakuta grisi ya Rüter imefanya kazi yake. Miaka karibu minane ya kukaa majini haikuwa imeiharibu mitambo. Mei 1927 ikaanza safari ikiwa na jina jipya, Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone aliliandika alipofika kusini mwake. Mwaka huo huo wa 1927, Dar es Salaam, ilisimamishwa sanamu ya Askari. Si mbali na hapo liko soko la Kariakoo, penye jina lililobaki kutokana na lile jeshi la wapagazi.

Liemba iliendelea kubeba dagaa, mananasi, mahindi, maharusi na maiti kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, kwa zaidi ya miaka tisini. Mwaka 1997 ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi Kongo. Mwezi Mei 2015 Warundi walipojaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikaanza kuwaua, ilikuwa Liemba iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma. Ilipakia mamia kwa safari moja, watoto wakipandishwa kwa mikono kutoka kwenye mitumbwi, kwa kuwa Kagunga hakuna gati. Ilisimama kwa matengenezo mwaka 2018, na mwaka 2023 serikali ilitia saini mkataba wa kuikarabati. Vyuma vya matengenezo ya Kigoma, kwa miaka yote hiyo, vimekuwa vikipita stesheni ya Dodoma.