Kamishna wa Bima Anayeomba Kura

Karatasi ya kura aliyopewa mkazi wa California Novemba 2022 ilikuwa ndefu. Ilianza na gavana, ikaja kwa naibu gavana, mweka hazina na mwanasheria mkuu, kisha ikafika kwenye mstari ambao Mtanzania au Mkenya angeurudia mara mbili: Kamishna wa Bima. Walioshindania kiti hicho walikuwa Ricardo Lara wa chama cha Democratic, aliyekuwa akikitetea, na Robert Howell wa Republican. Lara alishinda.

Cheo chenyewe si kigeni Afrika Mashariki. Mkuu wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, huitwa Kamishna wa Bima, na Kenya nayo inaye wa jina hilohilo. Kigeni ni kumwona kamishna jukwaani, akipeana mikono sokoni na kuahidi kushusha gharama ya bima ya gari. Tanzania kamishna huyu huteuliwa na Rais, na Kenya pia hakuna anayempigia kura. Marekani majimbo 11 humchagua: California, Delaware, Georgia, Kansas, Louisiana, Mississippi, Montana, North Carolina, North Dakota, Oklahoma na Washington. Kwingine wengi huteuliwa na gavana.

Basi mfasiri anayetaka kumweleza msomaji wa Kiswahili habari za mgombea wa kiti hiki ana maneno matatu ya kuamua: kamishna, jimbo, na lile gumu kuliko yote, linalotaja kazi yake.

Neno kamishna tulilipokea kutoka Kiingereza, na lilipofika lilivaa sare. Kuna kamishna wa polisi, kamishna wa magereza, kamishna wa ardhi, kamishna mkuu wa mapato. Wote cheo chao hushuka kutoka juu. Kenya makamishna wanaotajwa sana wakati wa uchaguzi ni wale wa tume, yaani watu wanaoendesha uchaguzi na wasioruhusiwa kabisa kuwa washindani. Ndiyo maana maneno “mgombea ukamishna” hulikwaza sikio. Msomaji hudhani pameingia kosa la uchapaji.

Dawa ipo ndani ya lugha, tena imezoeleka. Bunge la Tanzania lina wabunge wa kuchaguliwa na wabunge wa kuteuliwa, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa tofauti yao. “Kamishna wa bima wa kuchaguliwa” inafuata njia hiyohiyo. Ikitajwa mara moja mwanzoni mwa habari inatosha, na baada ya hapo “mgombea ukamishna wa bima” itasomeka bila kikwazo. Mkenya akipenda kuandika “mwaniaji” badala ya “mgombea”, hakuna kinachoharibika.

Neno jimbo linahitaji uangalifu zaidi. Kwa Mtanzania jimbo ni eneo la uchaguzi la mbunge, kwa hiyo “mgombea wa jimbo” ni mtu anayetaka kwenda Dodoma. Mkenya ana eneobunge kwa maana hiyo, na jimbo kwake linakumbusha mjadala wa majimbo wa miaka ya 1960. Mkongomani ndiye aliye karibu zaidi na maana inayotakiwa hapa, maana husema jimbo la Kivu Kaskazini akimaanisha sehemu ya nchi yenye gavana wake. Mwandishi akitaja jina la mahali palepale neno linapoingia, jimbo la California, jimbo la Kansas, utata huisha.

Hatari iliyojificha zaidi iko kwenye kiunganishi kidogo. Linganisha “mdhibiti wa bima wa jimbo” na “mdhibiti wa bima ya jimbo”. Katika la kwanza, “wa” inamrudia mdhibiti, kwa hiyo yeye ndiye wa jimbo. Katika la pili, “ya” inarudia bima, na maana yake ni kwamba jimbo lina bima yake na yeye ndiye anayeisimamia. Kwa Watanzania kosa hili lina uzito wa pekee, kwa sababu waliwahi kuishi chini ya bima ya dola hasa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, biashara ya bima ilishikwa na Shirika la Bima la Taifa, NIC, na kampuni binafsi zikarudi tu baada ya sheria ya mwaka 1996. Msomaji aliyekatia gari lake bima NIC miaka ya 1980 akikuta “bima ya jimbo” ataiona NIC ya California, kitu ambacho hakipo. Kampuni za bima za huko kwa sehemu kubwa ni za watu binafsi. Wa jimbo ni yule anayezichunga.

Kwa nini jimbo na si taifa? Mwaka 1869 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Paul dhidi ya Virginia, iliamua kwamba mkataba wa bima si biashara baina ya majimbo, hivyo bunge la taifa halina mamlaka juu yake. Mwaka 1944 mahakama hiyohiyo ikabadili msimamo. Majimbo na kampuni zikashtuka, na mwaka 1945 bunge likapitisha sheria ya McCarran-Ferguson iliyorudisha kazi hiyo kwa majimbo. New Hampshire ilikuwa imeshakuwa na kamishna wake tangu 1851, na mpaka leo jimbo hilo halimlazimishi kila mwenye gari kukata bima.

Tumebaki na neno la kazi. Hapa lugha imetupa mawili yanayoonekana kama pacha, nayo si pacha hata kidogo: msimamizi na mdhibiti.

Kusimamia kumetokana na kusimama. Msimamizi wa mtihani yuko chumbani, anatazama, anazuia kuibiana. Hatungi maswali wala hagawi alama. Msimamizi wa mirathi hulinda mali ya marehemu ifike kwa wenyewe. Kudhibiti, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kushika na kubana kitu kisiponyoke. Tunadhibiti moto, tunadhibiti mfumuko wa bei, tunadhibiti gari kwenye mteremko. Tazama basi majina ya taasisi za Tanzania. EWURA, inayotangaza bei kikomo za mafuta, ni mamlaka ya udhibiti. LATRA, inayopanga nauli za mabasi, ni ya udhibiti. TIRA ni ya usimamizi. Kenya, kwa bima hiyohiyo, watu husema Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Hii haina maana kwamba TIRA haina meno, maana sheria ya mwaka 2009 imeipa mamlaka mapana. Ila majina yanaonyesha kwamba Waswahili tayari wana masikio ya kutenganisha kazi mbili: kuangalia kama kampuni ina fedha za kulipa fidia siku ya msiba, na kuibana isitoze inavyotaka.

California ilivuka kutoka kazi ya kwanza kwenda ya pili kwa siku moja, na siku hiyo inajulikana.

Idara ya bima ya jimbo hilo ilianzishwa mwaka 1868. Kwa zaidi ya karne mkuu wake alikuwa mteule, na kampuni zilijipangia bei bila kuomba idhini yake. Kufikia miaka ya 1980 gharama ya bima ya gari ilikuwa imepanda hadi watu wakachoka, na sheria ilikuwa inawataka wakate bima hiyo wakipenda wasipende. Kikundi cha wanaharakati kilichoongozwa na mwanasheria Harvey Rosenfield, kikiungwa mkono na mtetezi wa walaji Ralph Nader, kiliandika pendekezo la sheria na kulipeleka moja kwa moja kwa wapiga kura. Likaitwa Pendekezo la 103. Kampuni za bima zilitumia zaidi ya dola milioni 60 katika kampeni hiyo, na karatasi ya kura ya Novemba 1988 ikajaa mapendekezo matano yanayoshindana kuhusu bima. Manne yalianguka. La 103 lilipita kwa asilimia 51 hivi.

Liliamuru viwango vishushwe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ililikubali, ila ikasema kampuni isinyimwe faida ya haki. Liliagiza bei ya bima ya gari itegemee kwanza rekodi ya dereva, kisha maili anazoendesha kwa mwaka, kisha miaka aliyoendesha, kabla ya kutazama anakoishi. Tangu hapo kampuni ikitaka kupandisha bei lazima iombe na kusubiri idhini. Ombi la bima binafsi likizidi asilimia 7, mwananchi anaweza kudai lisikilizwe hadharani, na ndiyo maana kwa miaka mingi maombi mengi yamekuja na tarakimu ileile: 6.9.

Na pendekezo hilohilo ndilo lililokifanya cheo kuwa cha kuchaguliwa. John Garamendi akawa wa kwanza, akichaguliwa mwaka 1990. Msimamizi alikuwa wa kuteuliwa. Alipopewa mamlaka ya kubana bei, akawa mtu wa kupigiwa kura. Kwa kamishna wa California, basi, “mdhibiti” ndilo neno sahihi, na anayeandika “msimamizi” anamnyang'anya lile hasa ambalo wapiga kura walimpa. Kwa makamishna wa karne ya 19, kama Elizur Wright wa Massachusetts, mpinzani wa utumwa aliyetumia hesabu zake kuhakikisha kampuni za bima ya maisha zinatunza akiba ya kutosha kuwalipa wajane, “msimamizi” linakaa vizuri kabisa, tena kwa heshima.

Neno bima nalo lilikuja kwa jahazi, kutoka upande wa India, na wanaofuatilia asili yake hulipeleka hadi Kiajemi, ambako bim ni hofu. Waswahili wakaliongezea kitenzi chao: bima hukatwa, kama tiketi. Ikawa bima kubwa kwa mwenye uwezo na bima ndogo kwa anayetaka tu askari wa barabarani asimsumbue. Mgombea wa California anaposema na madereva, anazungumzia hofu hiyohiyo: kulipa kila mwezi na kukataliwa siku ya ajali.

Lakini mgombea anahitaji fedha za kampeni, na wenye fedha na wenye sababu ya kumchangia mara nyingi ni walewale atakaowadhibiti. Hili ndilo jeraha la cheo cha kuchaguliwa, na historia yake haifichiki. Chuck Quackenbush, aliyechaguliwa California mwaka 1994, alijiuzulu Julai 2000. Kampuni zilizolaumiwa kwa kuwapunja waathirika wa tetemeko la ardhi la Northridge, California, ziliachwa zichangie mifuko badala ya kutozwa faini, na sehemu ya fedha ikalipia matangazo ya televisheni yaliyomwonyesha yeye mwenyewe. Louisiana ilishuhudia makamishna watatu mfululizo, Sherman Bernard, Doug Green na Jim Brown, wakiishia gerezani. North Carolina, mfanyabiashara wa bima Greg Lindberg aliahidi michango mikubwa ya kampeni ili ofisa aliyekuwa akiichunguza kampuni yake aondolewe. Kamishna Mike Causey alitoa taarifa FBI na kurekodi mazungumzo. Lindberg alihukumiwa mwaka 2020, hukumu ikatenguliwa, kisha baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia tena mwaka 2024.

Upo mfano wa upande wa pili, nao unastahili kukumbukwa zaidi. Kathleen Sebelius aligombea Kansas mwaka 1994 akikataa michango ya sekta ya bima, akashinda. Mwaka 2002 alikataa kuidhinisha kampuni ya Anthem kuinunua Blue Cross Blue Shield ya Kansas, kwa sababu gharama zingewaangukia wenye bima. Mahakama ya juu ya jimbo baadaye ilimuunga mkono, na kufikia hapo alikuwa amekwisha kuwa gavana.

Mfasiri akumbuke pia kwamba cheo hubeba mizigo mingine. Georgia, kamishna huyu anashughulikia bima na usalama wa moto. Montana, ni mkaguzi wa jimbo anayesimamia pia hisa na dhamana. New York hawamwiti kamishna kabisa, na tangu 2011 bima na benki ziko chini ya mkuu mmoja wa huduma za fedha.

California yenyewe sasa inajua udhibiti unavyoweza kuvutana na soko. Mei 2023 kampuni ya bima ya State Farm ilitangaza kuacha kupokea maombi mapya ya bima ya nyumba jimboni humo. Januari 2025 mioto ya Palisades na Eaton iliteketeza zaidi ya majengo 16,000 eneo la Los Angeles, na baadhi ya waliounguliwa walikuwa wamekwisha kuachwa na kampuni zao na kukimbilia FAIR Plan, mpango wa bima kwa waliokosa pa kwenda, ulioanzishwa mwaka 1968. Mei mwaka huohuo Lara aliikubalia State Farm nyongeza ya dharura ya asilimia 17 kwa bima ya nyumba. Kanuni zake mpya zinaruhusu kampuni kukadiria hatari ya moto ya miaka ijayo, kwa sharti la kuwauzia bima watu wa maeneo ya hatari kwa kiwango kisichopungua asilimia 85 ya sehemu yao ya soko la jimbo.

Sheria haimruhusu Lara zaidi ya vipindi viwili, na uchaguzi wa kumpata mrithi wake umepangwa Novemba 2026. Mwandishi wa Kiswahili atakayeuripoti anaweza kuanza hivi: wagombea wa kiti cha kamishna wa bima wa jimbo la California, mdhibiti wa kuchaguliwa ambaye bila idhini yake kampuni haiwezi kupandisha bei. Baada ya hapo awaulize lile ambalo mwenye nyumba wa Altadena, palipopita moto wa Eaton, akiwa bado amesimama kwenye majivu, anataka kulisikia: nani atamkatia bima akijenga upya, na kwa kiasi gani.