SGR Mombasa–Nairobi: Mambo Yote Msee wa Mtongwe Anafaa Kujua Kabla Akate Tiketi

Ukisimama pale Mtongwe ukiangalia ng'ambo, unaona krini za bandari ya Kilindini zikipakua kontena. Mzigo huo ukishaingia kwa treni, unafika Nairobi bila kugusa barabara. Lakini wewe, unayeishi hapo hapo, kufika stesheni ni safari nyingine kabla ya safari yenyewe. Tulia nikupange.

SGR ni nini hasa?

Hizo herufi tatu zinamaanisha reli ya upana wa kimataifa, yaani milimita 1,435 kutoka chuma hadi chuma. Ile reli ya zamani ni mita moja tu. Treni ya abiria inaitwa Madaraka Express kwa sababu ilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 31 Mei 2017, siku moja kabla ya Sikukuu ya Madaraka. Siku iliyofuata abiria wa kawaida wakaanza kuabiri.

Reli inatoka Miritini hadi Syokimau, Nairobi, kama kilomita 472. Katikati kuna Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Mwaka wa 2019 ikasongezwa hadi Naivasha, kilomita 120 zaidi.

Ni ya mwendo kasi kweli?

Hapa wasee wengi huchanganya mambo. Treni ya abiria inafika kilomita 120 kwa saa, na ya mizigo 80. Duniani, reli mpya inaitwa ya mwendo kasi ikifika 250 hivi. Afrika, wa kwanza kufika huko ni Morocco, ambao Al Boraq yao ilianza 2018 kati ya Tangier na Casablanca na inachapa 320. Majirani zetu Tanzania nao walianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka wa 2024, treni ya umeme ya kilomita 160 kwa saa. Yetu bado inakunywa dizeli.

Lakini usiidharau. Treni ya zamani ungelala ndani, na ikiharibika mwituni unaamka bado uko Tsavo. Basi nalo linakula saa nane au zaidi, na ukikutana na foleni ya malori ndio umeisha. Madaraka Express ile ya moja kwa moja ni kama saa tano hivi. Kwa nchi hii, hiyo ni kasi.

Kabla yake kulikuwa na nini?

Waingereza walianza kujenga reli hapa Mombasa mwaka wa 1896. Ikafika Nairobi 1899, wakati Nairobi ilikuwa kinamasi tu, na Kisumu 1901. Vibarua zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 hawakurudi nyumbani. Mwaka wa 1898 simba wawili pale Tsavo walikula wafanyakazi mpaka kazi ikasimama. Kwa hivyo, kusema ukweli, Nairobi ni mtoto wa reli, na reli ni mtoto wa Mombasa. Wapwani wana haki ya kuringa kidogo.

Mtongwe hadi Miritini utafikaje?

Njia ya kwanza: panda mat hadi Likoni, vuka feri (ukiwa kwa miguu hulipi kitu), kisha tafuta mat ya kuelekea Miritini. Shida ni kwamba feri haina saa. Siku nyingine unavuka chap chap, siku nyingine umesimama kwa umati jua likikuchoma huku treni inakungojea kwa dakika zake tu. Jipe saa tatu kutoka mlangoni kwako.

Njia ya pili: barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Kibundani upande wa Kwale hadi Miritini kupitia madaraja ya Mteza na Mwache. Huvuki feri kabisa. Ukiwa na mizigo, watoto ama mgonjwa anayekwenda hospitali Nairobi, changeni doo mkodi gari mpitie huko.

Na msituambie watu wa Mtongwe wanaogopa maji bure. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama karibu na ufuo, watu 272 wakafa. Kuna nyumba mtaani ambazo bado zinaihesabu hiyo siku. Kwa mzee wa hapa, usafiri salama si starehe.

Tiketi na bei

Piga *639# ama ingia mtandaoni, ulipe kwa M-Pesa. Ikonomi ilianza na soo saba, ikapanda thao moja, na tangu Januari 2024 ni Sh1,500 mwendo mzima. Daraja la kwanza lilitoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hulipi, wa miaka 3 hadi 11 ni nusu. Desemba na Pasaka tiketi huisha mapema sana, kwa hivyo usingoje mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kwa kawaida treni ya asubuhi saa mbili inasimama stesheni za katikati. Ya alasiri na ya usiku ndio za watu wa haraka. Beba kitambulisho chako halisi, si picha kwa simu. Fika saa moja mapema maana kuna ukaguzi na mbwa wa kunusa mizigo. Kisu, pombe na mtungi wa gesi acha nyumbani.

Na doo ni ya nani?

Hapa ndio pana moto. Reli iligharimu Sh327 bilioni, na sehemu kubwa ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Iliyojenga ni kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Hata kama hujawahi kuipanda, unailipa: tangu 2013 kuna ada ya maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazotoka nje, na muuzaji anaikata kwako.

Mwaka wa 2019 serikali iliamuru mizigo ya Nairobi na bara yote ipande SGR. Madere wa malori, makuli, mama wa chakula na wenye vituo vya kontena Changamwe na Miritini wakaona kazi inahama. Mombasa ikaandamana kila Jumatatu. Mahakama Kuu ikafuta amri hiyo Novemba 2020, na Rais William Ruto, siku aliyoapishwa, 13 Septemba 2022, akatangaza mizigo irudi kukaguliwa Mombasa.

Kwa hivyo ukiabiri, furahia ndovu wa Tsavo dirishani. Lakini kiongozi akija kuomba kura na kukuahidi mradi mwingine mkubwa, muulize mawili: nani atalipa, na kijana wa Mtongwe atapata kazi gani hapo?